Kalamu ya Mwananchi na Amri ya Nane

Hapa Ibadakuli ibada ikiisha washarika hawatawanyiki mara moja. Husimama kivulini, wakaulizana habari za mvua, za bei ya pamba na za mgonjwa aliyelazwa Kolandoto. Siku hizi mazungumzo hayo yana mgeni wa kudumu, nayo ni simu. Mmoja huitoa mfukoni, akasoma alichoandika mtu asiyemjua, na wenzake wakasogea. Kufumba na kufumbua, jambo lililoandikwa Dar es Salaam, Geita au ng'ambo limekuwa neno la usharika.

Sisi tuliopewa dhamana ya mimbari tumekuwa tukilipokea neno hilo kwa furaha na kwa hofu. Tunafurahi kwa sababu mkulima na mchimbaji mdogo, ambao zamani hawakuulizwa kitu, sasa wanasoma hesabu za serikali na kuuliza maswali. Tunaogopa kwa sababu tumeona pia neno likimwangusha mtu asiye na hatia. Katika insha hii tunataka kufuata njia ambayo mwananchi wa kawaida alipita mpaka akawa mwandishi wa mambo ya taifa, kisha tujiulize Kanisa lina neno gani la kumwambia. Na sisi wenyewe tuna deni katika habari hii. Tutalitaja mahali pake.

Tuanze na Biblia, maana ugomvi kati ya maandishi na wenye mamlaka si wa jana. Katika Yeremia 36 tunasoma habari za nabii aliyezuiwa kuingia katika nyumba ya Bwana. Akamwita Baruku mwandishi, akamtamkia maneno yote, naye Baruku akayaandika katika gombo na kuyasoma mbele ya watu. Gombo likapanda ngazi kwa ngazi mpaka likafika kwa mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameketi mbele ya moto wakati wa baridi. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Lakini Yeremia alichukua gombo jingine. Baruku akaandika tena yote yaliyokuwa katika lile la kwanza, na maneno mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Mtu yeyote anayetafuta kunyamazisha neno la kweli kwa kuchoma karatasi angefaa kuisoma sura hiyo mpaka mwisho.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuijua nguvu ya maandishi yanayosambaa. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Aliziandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi, lakini wapiga chapa hawakungoja ruhusa. Muda si mrefu zilikuwa zimepigwa chapa katika miji mingine na kutafsiriwa kwa Kijerumani, zikafika kwa watu ambao hawakutarajiwa kuzisoma. Kuanzia hapo Luther aliandika vijitabu vifupi katika lugha ya watu wa sokoni. Matengenezo ya Kanisa yalisafiri katika vijitabu hivyo.

Lakini tusikumbuke yale yanayotupendeza tu. Kalamu ile ile mwaka 1525 iliandika maneno makali dhidi ya wakulima walioasi, na mwaka 1543 iliandika dhidi ya Wayahudi mambo ya aibu kubwa. Ilimpasa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake mkuu wa Budapest mwaka 1984, kuyakataa maneno hayo waziwazi. Miaka zaidi ya 400 ilikuwa imepita na bado yalikuwa yanadhuru. Aliyeandika alikwisha kulala kaburini zamani, lakini maneno yake hayakuzikwa pamoja naye.

Katika nchi yetu, makanisa ndiyo yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwapa Waafrika ukurasa wa kuandikia. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha Msimulizi kule Zanzibar mwaka 1888. Wakati wa Wajerumani, mwaka 1910, wamisionari wa Kiprotestanti walitoa Pwani na Bara. Baada ya Waingereza kushika nchi, serikali yao ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923, na ndani yake wasomaji walileta barua na mashairi kutoka kila pembe. Lakini mwenye gazeti alikuwa ama serikali ama misheni, na mwandishi aliandika akijua mpaka wake. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe, lililosema wazi shida za Waafrika. Halikuwa na mali nyingi wala mitambo ya fahari. Lilikuwa na mtu aliyeona kwamba ana jambo la kusema na hakungoja kuitwa.

Habari inayogusa kanda yetu zaidi ni ya mwaka 1958. Chama cha TANU kilikuwa na karatasi yake iliyoitwa Sauti ya TANU, iliyochapwa kwa taipureta na kurudufiwa, kisha ikapita mkono kwa mkono. Mwalimu Nyerere aliandika humo makala ya kuwalaumu wakuu wawili wa wilaya, Waingereza, kwa namna walivyowatendea wananchi. Serikali ya kikoloni ikamshtaki kwa kosa la kashfa. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, na Agosti 1958 alipatikana na hatia, akatakiwa alipe faini ya pauni 150 au aende jela miezi 6. Alilipa faini. Miaka mitatu baadaye nchi ilipata uhuru, na aliyeshtakiwa kwa karatasi ya kurudufu akawa Waziri Mkuu.

Miezi ile ile Geita ilikuwa inachemka. Huku Usukumani TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi tangu mwaka 1954, lakini wananchi hawakukosa la kusema. Serikali ilikuwa imeleta Geita baraza la wilaya la rangi mchanganyiko, ambalo wananchi waliliona kuwa njia ya kuwapa wageni wachache nafasi isiyowastahili, na juu yake kulikuwa na uchovu wa muda mrefu juu ya amri za kilimo na mifugo. Maelfu walipinga, wengine wakaenda hadi Mwanza kudai wasikilizwe, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Mwishowe serikali iliachana na mpango ule. Wengi wa watu wale hawakujua kusoma. Walikuwa na mikutano, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, na wachache waliosoma karatasi kwa sauti wengine wakisikiliza. Tukumbuke hilo tunapomwona kijana leo akiwasomea wazee simu chini ya mti. Babu yake alifanya vivyo hivyo.

Baada ya uhuru, redio na magazeti makubwa vilikuwa mikononi mwa serikali na chama, na barua ya msomaji ilibaki kuwa dirisha dogo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, magazeti ya binafsi yaliongezeka. Hata hivyo, mwananchi aliyekuwa na jambo bado alihitaji mhariri akubali, karatasi ipatikane, na basi lifike Shinyanga na gazeti la jana.

Hapo ndipo intaneti ilipoingia. Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiishi Marekani, anatambuliwa kuwa mwanablogu wa kwanza wa Kiswahili. Blogu yake aliiita Jikomboe. Jina lenyewe lilikuwa hoja, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mjadala wa dunia bila kuomba radhi. Septemba 2005 mpiga picha Issa Michuzi, akiwa Helsinki, Finland, alifungua blogu kwa kusaidiwa naye. Blogu ya Michuzi ikawa ukumbi ambamo Watanzania wa nyumbani na wa ng'ambo walikutana kila siku: picha za misiba na harusi, ziara za viongozi, na chini yake maoni ya wasomaji yaliyokuwa makali kuliko habari yenyewe. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha jukwaa la majadiliano ambalo baadaye lilijulikana kama JamiiForums. Huko watu waliandika kwa majina ya bandia, na kwa sababu hiyo walithubutu kusema ambayo ofisini wasingeyasema.

Matunda yake yalionekana haraka. Mwaka 2007 nyaraka kuhusu akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, iliyojulikana kwa kifupi chake EPA, zilianza kuzunguka kwenye intaneti. Tarehe 15 Septemba mwaka huo Dk. Willibrod Slaa alisimama katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, akasoma majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Wapo waliodharau, wakasema ni maneno ya mtandaoni. Lakini Januari 2008, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba Sh bilioni 133 zilikuwa zimelipwa isivyostahili kwa makampuni 22, Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana wa Benki Kuu. Mwezi uliofuata Kamati Teule ya Bunge ilitoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Februari hiyo hiyo waanzilishi wa JamiiForums walikamatwa na polisi na jukwaa likazimika kwa siku kadhaa. Hatusemi kwamba blogu ziliyafanya hayo peke yake. Wakaguzi walikagua, wabunge walihoji, magazeti yaliandika. Lakini mwananchi wa kawaida alikuwa na mahali pa kuuliza habari kabla hazijatangazwa na wakubwa, na wakubwa walijua kwamba anauliza.

Tusifikiri kwamba mambo hayo yalikuwa ya Dar es Salaam tu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, kupisha mgodi mkubwa wa dhahabu. Zikazuka tuhuma nzito kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikana. Mwaka 2001 wanasheria wa mazingira wa chama cha LEAT, akiwemo Tundu Lissu, walidai uchunguzi huru, na kwa barua pepe na tovuti madai hayo yalifika Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Baadhi ya waliopaza sauti walishtakiwa kwa uchochezi. Mwaka 2002 ofisi ya usuluhishi iliyo chini ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikuona ushahidi wa kuunga mkono tuhuma za mauaji. LEAT walilikataa hitimisho hilo. Hivyo habari ile ilizunguka dunia nzima, lakini hapa kwetu, ambapo nyaya za umeme zinatoka kituo cha Ibadakuli kwenda Bulyanhulu, watu wa kando ya njia bado wamegawanyika. Kuenea kwa habari ni jambo moja, na kuthibitika kwake ni jambo jingine.

Serikali nayo iliona kwamba uwanja umebadilika, ikaleta sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Desemba 2016 Maxence Melo alikamatwa na kushtakiwa, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kukataa kwake kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwa majina ya bandia. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa ada ya maombi Sh 100,000, leseni Sh 1,000,000 na ada ya mwaka Sh 1,000,000. Jumla ya Sh 2,100,000 si kitu kwa kampuni. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeandika jioni kuhusu zahanati ya kijiji chake, ni kufungwa mdomo. Wengi walinyamaza. Baadaye kanuni zilirekebishwa, lakini baadhi ya sauti zilizonyamaza hazikurudi.

Mwaka huo huo wa 2018 jambo hili liliingia ndani ya Kanisa letu. Maaskofu wa KKKT walitoa ujumbe wa Pasaka ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu, wakigusa hali ya haki, umoja na katiba ya nchi. Zamani waraka wa namna hiyo ungesikiwa siku unaposomwa kanisani. Safari hii washarika wengi walikuwa nao kwenye simu, na pale ambapo haukusomwa waliuliza kwa nini. Miezi michache baadaye ilizunguka barua ya ofisi ya serikali iliyowataka maaskofu waukanushe. Watu wakabishana kama ni ya kweli au imeghushiwa, mpaka waziri mwenye dhamana alipojitokeza kusema barua hiyo ni batili. Katika siku zile za mashaka sisi wachungaji tuliulizwa kila tulipopita, sokoni na msibani. Tulijifunza kwamba mchungaji asiyejua asiharakishe kujibu.

Na hapa tulipe deni letu.

Katika usharika mmoja tuliohudumu kulikuwa na mradi wa kisima. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mkulima. Fedha zilizoahidiwa zilichelewa. Kisha yakatokea maandishi kwenye simu, hayana jina la mwandishi, yakisema mzee yule amezila, na yakataja kiasi na ng'ombe alionunua. Ng'ombe walikuwepo kweli. Jumapili iliyofuata, tukihubiri juu ya Akani na vitu vilivyowekwa wakfu, tulisema kwamba hata katikati yetu wapo wanaonywa maji ya yatima. Hatukutaja jina. Hapakuwa na haja, kwa kuwa kila uso uligeuka upande mmoja.

Baada ya wiki kadhaa karatasi zilibandikwa kwenye ofisi ya kata. Fedha zilikuwa hazijatoka kabisa. Ng'ombe walikuwa mahari ya binti yake. Tulikwenda nyumbani kwake usiku, tukaomba radhi, na Jumapili tukaomba radhi tena mbele ya madhabahu ile ile. Alitusamehe. Alisema, "Mchungaji, yamekwisha." Lakini kuanzia siku hiyo hakukaa tena benchi la mbele. Alikaa karibu na mlango, na binti yake alihamia usharika mwingine. Msamaha tulipewa, ila benchi lile la mbele hatukuweza kumrudishia.

Tunayasema haya kwa sababu katika kanda hii neno lisilothibitishwa linaweza kuua. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita tumewazika vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu mtu alinong'ona kuwa ni wachawi, wengine kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa sababu ya uongo juu ya utajiri wa dhahabu na samaki. Uongo huo ulianza kuua kabla ya simu kufika. Simu imeupa miguu. Lakini ni haki kusema pia kwamba mauaji ya wenye ualbino yalipoandikwa na kusambazwa kuanzia mwaka 2007 na 2008, nchi na dunia zilishtuka, na jambo lililokuwa likizikwa usiku likawa ajenda ya Bunge. Chombo kile kile kilichobeba uongo kilibeba na kilio.

Basi Kanisa liseme nini? Luther, katika Katekisimo Ndogo tunayowafundisha vijana wa kipaimara, haishii katika kukataza uongo anapoeleza amri ya nane. Anatutaka pia tumtetee jirani, tumseme vema, na mambo yake tuyaelewe kwa upande ulio mwema. Mithali 18:17 inatuonya kwamba wa kwanza kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu. Haya yote yanamhusu mwenye simu sawasawa na hakimu.

Lakini Mithali 31:8-9 nayo inaamuru tufumbue kinywa kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Kwa hiyo msharika anayesema, "Mimi siasa simo," huku zahanati haina dawa na fedha zimetumika, hajaitimiza amri ya nane kwa kukaa kimya. Nehemia alipoletewa barua iliyo wazi, isiyofungwa, iliyojaa uvumi kwamba anataka kujifanya mfalme, hakuacha kujenga ukuta wala hakuomba waandishi wote wafungwe. Alijibu kwamba mambo hayo hayakutendeka, akaendelea na kazi mchana kweupe.

Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na dagashida, mkutano wa watu wote ambamo mwenye shauri alisimama akalisema mbele ya yule anayemshtaki. Haikuwa kamili, maana hata huko wanyonge walionewa. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo mtandao umetupotezea: msemaji alionekana, na mshtakiwa alijibu. Jina la bandia tunalielewa kwa mtu anayefichua wizi wa wakubwa na kuhofia kazi yake au uhai wake. Kwa jirani anayemchafua jirani, jina la bandia ni kichaka cha mwoga.

Katika usharika wetu sasa tumejiwekea desturi ndogo. Jambo la simu linalomtaja mtu wa hapa halisemwi mimbarini wala kwenye matangazo mpaka wazee wawili wamemwendea mwenyewe na kuona karatasi. Jambo linalohusu fedha za umma tunalipeleka ofisi ya kata kwa barua yenye majina yetu na sahihi zetu, na majibu tunayasoma kanisani, yawe matamu au machungu. Mara mbili tumejibiwa. Mara moja bado tunangoja, na tumeandika tena.

Mzee wa kisima ni mmoja wa wawili wanaotumwa. Tulipomwomba alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama ataruhusiwa kukataa kwenda pale atakapoona jambo halina shahidi. Tukamwambia ndiyo sababu tunamtaka yeye.